Wageni hewa: kisa cha ukumbi uliotoka jasho alfajiri

Ukumbi uko chini ya jengo la ofisi jijini Dar es Salaam, upande wa baharini. Jina la jengo naliacha, maana yaliyotokea pale yangeweza kutokea popote pwani. Mchana hukodishwa kwa semina, jioni na wikiendi kwa harusi, send-off na kichenpati. Una kama mita za mraba 500 na viti 400. Mashine yake ya hewa imefungwa juu ya dari ya jiko na hupata maji baridi kutoka kwenye chila, yaani mtambo wa kupoza maji, ya jengo zima.

Malalamiko yalianza na zulia. Jumapili asubuhi wasafishaji wakifungua mlango walikuta madoa ya maji chini ya difyuza, yale matundu ya dari yanayomwaga hewa baridi, na wakisubiri kidogo waliyaona matone yenyewe yakidondoka. Haikuwa kila Jumapili, na siku za kazi ilitokea mara chache sana. Fundi wa AC alifanya alichopaswa kufanya. Alisafisha sinia la maji chini ya koili, yale mabomba ya maji baridi yanayopoza hewa, akapuliza bomba la kutolea maji, akabadilisha sponji iliyochakaa ya dakti, njia ya bati inayopitisha hewa. Jumapili iliyofuata zulia likalowa tena. Ndipo mtu akakumbuka kwamba matatizo haya hayakuwapo kabla ya kufungwa vihisi vya kuhesabu watu, na sisi watu wa mifumo tukaitwa.

Kwanza nieleze kwa nini vihisi vilifungwa, kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa zuri na hadi leo nalitetea. Kiwango cha ASHRAE (chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani) namba 62.1, ambacho wahandisi wengi wa hewa hapa kwetu hukifuata, kinadai ukumbi wa aina hii uingiziwe hewa ya nje lita 2.5 kwa sekunde kwa kila mtu, na juu yake lita 0.3 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Ukijaa watu 400, hesabu inakuja lita 1,150 kwa sekunde. Wakiwamo 60, kama ilivyo kwenye semina nyingi, ni lita 300 tu. Sasa chukua hewa ya Dar ya mchana, nyuzijoto 32 na unyevu wa asilimia 65, uishushe hadi nyuzijoto 24 na unyevu wa asilimia 50. Kila lita moja kwa sekunde inakula takriban wati 40 za ubaridi, na zaidi ya nusu yake ni kazi ya kukamua maji yaliyomo hewani, si kupunguza joto. Kwa hiyo ukumbi uliojaa unahitaji kilowati 46 za ubaridi kwa ajili ya hewa ya nje peke yake, na ule wa watu 60 unahitaji 12. Kabla ya vihisi, dampa ya hewa ya nje, yaani kilango kinachopima hewa inayoingia, ilikaa mahali pamoja siku zote, pale pa watu 400. Semina ya watu 60 ilikuwa inalipia hewa ya watu 340 ambao hawakuja.

Katika nchi ya baridi kavu, hewa ya ziada ni hasara ya pesa tu. Pwani hewa ya ziada ni maji, na jambo hili ndilo linalosahaulika michoro inapoletwa kutoka nje na kufungwa kama ilivyo.

Ukumbi una milango mikuu miwili, mmoja wa upande wa mapokezi na mwingine wa maegesho. Juu ya kila mlango kilifungwa kihisi kinachopima kimo cha kinachopita chini yake. Kinachora mstari wa kufikirika kizingitini, na mtu akiuvuka kuelekea ndani kinaongeza moja kwenye hesabu ya walioingia, akiuvuka kuelekea nje kinaongeza moja kwenye hesabu ya waliotoka. Umeme na mawasiliano vinapita kwenye waya mmoja wa mtandao. Vihisi hivi ni vizuri. Nilisimama chini yake na kuvijaribu kwa watu wawili wawili, mtu na toroli, mtu aliyesita mlangoni na kurudi, na havikubabaika.

Kati ya vihisi na BMS, yaani mfumo unaoendesha mashine zote za jengo, kuna getiwei, kifaa cha kutafsiri. Vihisi vinazungumza lugha ya MQTT, BMS inazungumza BACnet, lugha ambayo ASHRAE iliitoa kama kiwango mwaka 1995 na ambayo leo karibu kila chila na kila dampa ya maana inaielewa. Getiwei ilipokea matukio ya milango yote miwili, ikajumlisha walioingia na kutoa waliotoka, ikaipa BMS namba moja tu: watu waliomo ukumbini. Upande wa waya kulikuwa na usumbufu wa kawaida. Watu wa IT waliviweka vihisi kwenye mtandao wao mdogo uliotengwa, na kwa kuwa mwito wa utambuzi wa BACnet hauvuki ruta wenyewe, ilibidi kiwekwe kifaa cha kuuvusha kwenye bandari ya UDP 47808. Hilo lilimalizwa siku ya kwanza na halikusumbua tena. Kwenye hati ya makabidhiano, kazi ya kuunganisha iliandikwa imekamilika pale namba ilipoonekana kwenye skrini ya BMS na kubadilika mtu alipopita mlangoni.

Mimi naona hapo ndipo kazi ilikuwa inaanza.

Niliomba grafu ya vitu vitatu vikiwa pamoja kwa usiku wa Jumamosi: idadi ya watu, nafasi ya dampa, na unyevu wa hewa inayorudi kutoka ukumbini. Meneja wa jengo alishangaa kidogo. Alikuwa akiitazama idadi kila asubuhi afikapo, na kila asubuhi ilisoma sifuri. Lakini grafu ilionyesha kitu kingine. Sherehe iliisha kama saa tano usiku, mstari wa idadi ukashuka kwa kasi, halafu ukasimama kwenye arobaini na tatu. Ukabaki hapo, umenyooka kama rula, saa sita, saa saba, saa nane. Saa tisa kamili ukaanguka hadi sifuri.

Wageni hewa arobaini na tatu walikuwa wamekaa gizani saa nne nzima, na mashine ikawahudumia. Programu ilikuwa imeandikwa kwamba feni isizimwe maadamu kuna mtu ndani, jambo la busara kabisa kwa ukumbi ambao sherehe zake hazina saa ya kuisha. Kwa hiyo feni ikazunguka, na dampa ikafunguka kwa kiasi cha watu arobaini na tatu, kama lita 260 kwa sekunde.

Kilichofuata ni fizikia tupu. Taa zimezimwa, watu hawapo, jua halipo, kwa hiyo ukumbi haukuwa na joto la kuondoa. Kipimajoto kikaridhika, valvu ya maji baridi ikajibana karibu kufunga, na koili ikaacha kuwa baridi. Koili isiyo baridi haikamui maji. Hewa ya usiku wa Dar, nyuzijoto 26 na unyevu wa asilimia 85, ikapita juu ya koili vuguvugu na kuingia ukumbini na maji yake yote. Nilipiga hesabu: mwanzoni ni karibu lita 9 za maji kwa saa, yakiwa mvuke, yanaingia kwenye chumba kilichofungwa. Kufikia saa tisa, nyuzijoto ya umande, yaani ile ambayo kitu kikifika chini yake mvuke hugeuka maji juu yake, ndani ya ukumbi ilikuwa imepanda kutoka kwenye 13 hivi, ambayo ni ya kawaida kwa chumba chenye AC, hadi kupita 20. Ndipo feni ikazimwa na milango ikabaki imefungwa. Saa kumi na mbili asubuhi ratiba ikawasha mashine ili ukumbi upoe kabla ya watu wa ibada ya Jumapili waliokuwa wamekodi. Hewa ya nyuzijoto 13 ikapita kwenye difyuza za bati, na bati baridi ndani ya chumba chenye umande wa nyuzijoto 20 linatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Hakuna bomba lililovuja. Fundi wa AC alikuwa amelaumiwa bure.

Swali lililobaki ni walikotoka hao arobaini na tatu.

Ukumbi una mlango wa tatu. Uko pembeni, unaelekea jikoni na kwenye mabomba ya kunawia, na kwenye mchoro umeandikwa mlango wa huduma, kwa hiyo haukuwekewa kihisi. Jioni niliyokaa pale kulikuwa na nikahi. Adhana ya Isha ilipolia, wanaume wengi waliinuka na kutoka kwa mlango ule wa pembeni, kwa sababu ndio ulio karibu na maji na ndio unaofupisha njia ya msikitini. Kurudi, walikuja kwa mlango mkuu wa mapokezi, kwa kuwa ndiko barabara inakoishia. Kila aliyekwenda kuswali alihesabiwa kuingia mara mbili, na akaondoka usiku akihesabiwa kutoka mara moja. Hapakuwa na kosa la kihisi hata kidogo. Yeyote aliyewahi kuhudhuria shughuli pale angeweza kumwambia mchoraji, kama angeulizwa.

Sababu ya pili imejificha zaidi, na ningependa wenzangu waitazame kwenye kazi zao. Getiwei ilikuwa imewekewa sharti kwamba idadi isishuke chini ya sifuri. Linaonekana sharti la akili, maana hakuna watu hasi ishirini. Lakini tazama linachofanya. Wapishi na wapambaji wanaingia mchana kwa mlango wa pembeni bila kuhesabiwa, kisha wanatoka kwa mlango mkuu wakielekea magari yao, kabla mgeni yeyote hajafika. Hesabu ingeshuka hadi hasi ishirini, lakini sharti linaibana kwenye sifuri. Jioni watu hao hao wanarudi kwa mlango mkuu na wanahesabiwa kuingia, ishirini kamili. Usiku wanaondoka na vyombo vyao kwa mlango wa jikoni. Waliingia mara mbili na kutoka mara mbili, na hesabu isiyobanwa ingerudi sifuri yenyewe. Iliyobanwa inabaki na ishirini. Yaani kosa la kupunguza linafutwa, kosa la kuongeza linahifadhiwa, na usiku ukiwa mrefu hesabu haina pa kwenda ila juu.

Ya tatu ilitokea usiku mmoja tu, wa kichenpati, lakini ndio usiku uliolowesha zulia kuliko zote. Fundi wa zamu alinisimulia. Wanawake walikuwa peke yao, mitandio imevuliwa, kungwi ameshaanza kazi yake, na mama mmoja wa makamo akakiona kihisi cha mlango wa maegesho, na kitaa chake kidogo cha kijani. Akamwita fundi nje.

"Baba, kile kijicho cha juu kinatupiga picha?"

"Hapana mama, kinahesabu tu."

"Kinahesabu bila kuona?"

Fundi hakuwa na jibu. Muda si mrefu ngazi ya wapambaji ikaletwa na kihisi kikazibwa kwa utepe wa gundi. Waliokwisha kuingia kwa mlango ule walikuwa wamehesabiwa, wa kutoka hawakuhesabiwa tena, na usiku ule wageni hewa walipita mia. Kihisi chenyewe kilijua. Kwenye kumbukumbu zake nilikuta kimeripoti kwamba kimezibwa, na saa ya kuzibwa. Taarifa hiyo ilifika kwenye getiwei na kuishia hapo, maana hakuna aliyeipangia kitu chochote upande wa BACnet. Nayo BACnet ina mahali maalumu pa kusema kwamba namba hii isiaminiwe: kila kitu kinachobeba namba kinaweza kubeba pia hali ya kuaminika na alama ya hitilafu. Nafasi ilikuwapo ila haikujazwa. BMS iliendelea kusoma namba ya mwisho ikidhani ni ya sasa.

Kuhusu ile saa tisa. Getiwei ilikuwa imepangiwa kufuta hesabu saa 00:00, ila saa yake ya ndani ilikuwa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na usiku wa manane wa UTC ni saa tisa usiku kwetu. Ni kosa, lakini lilikuwa kosa lenye baraka zake. Kama saa ingewekwa sawasawa, hesabu ingefutwa saa sita usiku, wakati harusi nyingine bado bwana harusi hajakata keki. Mashine ingezima juu ya vichwa vya watu mia tatu. Hata hivyo, kufutwa huko ndiko kulikomficha mkosaji, kwa sababu kila aliyefika asubuhi alikuta sifuri.

Kuna jambo dogo lililomtesa fundi wa zamu kuliko sisi wote. Usiku mmoja alihisi ukumbi una unyevu, akaingia kwenye skrini na kushusha kwa mkono kiwango cha hewa ya nje. Baada ya dakika moja kikarudi kilipokuwa. Akashusha tena, kikarudi tena. Aliniambia alidhani mfumo umeingiwa na jini, na hakuwa anatania sana. BACnet ina ngazi 16 za amri, ya 1 ikiwa ya juu kabisa, na ngazi ya 8 imetengewa amri ya mkono ya mwendeshaji. Aliyepanga getiwei aliiruhusu iandike moja kwa moja kwenye kiwango cha dampa, na akachagua ngazi hiyo hiyo ya 8. Wawili wakiandika ngazi moja, wa mwisho ndiye anayeshinda, na getiwei iliandika kila dakika.

Marekebisho tuliyoyapendekeza hayakuwa ghali. Getiwei ilinyang'anywa ruhusa ya kuandika popote. Sasa inatoa taarifa tu, na kinachoamua dampa ifunguke kiasi gani ni kidhibiti cha mashine ya hewa, kikiandika kwenye ngazi ya chini kabisa, ili fundi akiweka mkono wake ubaki. Mlango wa pembeni ulipata kihisi chake. Badala ya namba moja iliyokwisha kupikwa, BMS inapokea kutoka kila mlango jumla ya walioingia na jumla ya waliotoka, zisizofutwa wala kubanwa, pamoja na hali ya afya ya kihisi. Jumla hizi zina faida kubwa kuliko taarifa za tukio moja moja. Mtandao ukikatika dakika tano, matukio yaliyopita yamepotea moja kwa moja, lakini jumla ukiisoma tena inakuwa imeshayabeba yote. Kinachotakiwa ni programu kugundua kihisi kilichojiwasha upya, kwa sababu jumla yake hurudi nyuma. Na swichi ya mtandao inayolisha vihisi ilihamishiwa kwenye UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika jenereta hushika haraka, lakini swichi huchukua muda kuamka, na dakika hizo ndizo watu wanazotoka nje kupunga upepo.

Kufuta hesabu kwa saa peke yake tuliachana nako. Kwenye dakti ya hewa inayorudi kulikuwa tayari na kihisi cha CO2, hewa tunayoitoa tukipumua, ambacho hakikutumika kwa lolote, na kwenye dari kulikuwa na vihisi vya mwendo vya kuwasha taa. CO2 huchelewa, inahitaji muda watu wapumue hadi ipande, ila haisahau wala haidanganywi na mlango wa pembeni. Vihisi vya mlango huwahi, vinajua kundi limeingia kabla hewa haijachafuka, ila kosa lao hujilimbikiza. Kwa hiyo hesabu ya milango ndiyo inayofungua dampa mapema. CO2 ikipita kiwango huku hesabu ikisema watu ni wachache, dampa inafuata CO2. Na hesabu ikidai kuna watu, wakati CO2 imekaribia ya nje, ambayo ni kama 420 kwa kila milioni, na hakuna kilichotikisika ukumbini kwa nusu saa, hesabu inafutwa, iwe saa ngapi. Kihisi chochote kikiripoti ugonjwa, hesabu yote inawekwa kando na CO2 inashika usukani. Mwisho kabisa, dampa ya hewa ya nje hairuhusiwi kufunguka kama koili haina ubaridi wa kukamua maji. Sharti hili la mwisho peke yake lingeokoa zulia, hata kama wageni hewa wangebaki na kukesha.

Suala la kijicho halikuisha kwa maneno. Vihisi vile havipigi picha ya sura, vinapima umbali tu, na kinachotoka ni namba. Lakini mteja hawezi kuyaona hayo kwa kutazama dari, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika watu wana haki ya kuuliza na kujibiwa. Uongozi ulibandika maelezo mlangoni kwa Kiswahili chepesi. Wenye sherehe za wanawake peke yao walipewa chaguo la kuzimiwa vihisi kabisa, na ukumbi uendeshwe kwa CO2 usiku huo. Wengi wao huchagua kuzimiwa, na hewa haiwi mbaya.

Difyuza zilikauka. Kisha ofisi ya masoko ikaja na ombi: kwa kuwa sasa hesabu ni sahihi, itumike kumtoza mwenye shughuli kwa kichwa, maana kila harusi kuna ubishi wa idadi ya sahani. Tuliandika tukakataa. Hesabu ikikosea watu 20 kati ya 400, kwa mashine ya hewa ni lita 50 kwa sekunde, dampa inasogea kidogo na hakuna anayejua. Kwa mpishi ni sahani 20 za pilau, na kila moja ina mwenye kuilipia.